Mvua Moja, Tarehe Mbili

Swali lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa dogo kiasi kwamba niliona haya kumwambia mtu: mvua iliyonyesha usiku, ni ya siku gani?

Nilikuwa nimerudi nyumbani Nachingwea na shahada ya takwimu, nimepata kazi yangu ya kwanza katika ofisi ya mradi wa kilimo uliohudumia wilaya yetu na jirani zetu wa Ruangwa. Nililala chumba kilekile nilicholala nikiwa shule ya msingi, na mama alinisikia nikigeuka kitandani.

"Wewe mtoto," aliniambia asubuhi moja akinipokonya mwiko, "unafikiri mpaka uji unaungua."

Uji ulikuwa umeungua kweli.

Mwaka ule mvua za kupandia zilikuja mapema, zikawadanganya watu, zikapotea. Mahindi yaliota, yakasimama kidogo, kisha jua likayakalia. Mradi ukaamua kugawa mbegu za kupanda upya, mtama na mahindi ya muda mfupi, lakini si kwa kila mtu. Zingepelekwa katika kata ambazo mvua haikufikia kiwango, kuanzia tarehe mosi Desemba hadi tarehe kumi na tano Januari. Katika kila kata kulikuwa na mtu mmoja aliyepewa kipimo cha mvua, chombo cha plastiki chenye mistari ya milimita, na karatasi ya kuandikia. Karatasi zikija ofisini, mimi ndiye niliyeziingiza kwenye kompyuta.

Programu ya kuchambua zile namba ilikuwa ngeni kwetu sote, na mratibu wetu aliipenda kuliko hata gari la ofisi. Ilikuwa na visanduku viwili, "kuanzia" na "hadi". Unajaza tarehe mbili, unabonyeza, nayo inajumlisha mvua yote iliyoandikwa kati ya tarehe hizo, inalinganisha na kiwango, halafu inapaka kata rangi kwenye ramani. Nyekundu maana yake mvua haikutosha, mbegu ziende. Kijani maana yake ilitosha, mbegu zibaki. Wageni wakija, mratibu aliwaita wasogee karibu na kioo kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu wake.

Nilijaza tarehe kwa kata tatu za Ruangwa, nikabonyeza. Mandawa ikawa nyekundu. Nambilanje ikawa nyekundu. Matambarale ikawa kijani.

Kijani ile haikunikaa vizuri, maana jua lilikuwa limewakalia wote. Mtu mwingine angechapisha ramani akaenda kunywa chai. Mimi nilianza kwa kuishuku programu. Labda neno "hadi" halikuijumuisha siku yenyewe ya mwisho. Labda lilimaanisha "mpaka kabla ya". Nikaingiza mvua ya uongo kwenye tarehe kumi na tano, jumla ikapanda. Nikaifuta, ikashuka. Nikafanya hivyo kwa tarehe mosi. Kisha nikarudi kuhakikisha kwamba nimezifuta kweli zile mvua za uongo, maana nilianza kuwaza zikibaki humo zitamnyeshea nani. Programu haikuwa na kosa. Ilijumlisha kila ilichopewa, siku ya kwanza na ya mwisho zikiwemo.

Ndipo nikasoma mstari kwa mstari. Matambarale ilikuwa kavu karibu kipindi kizima, halafu tarehe kumi na tano, siku ya mwisho kabisa, ikaandikwa mvua kubwa. Mvua hiyo peke yake ndiyo iliyoivusha kiwango. Nambilanje nayo ilikuwa kavu hivyohivyo, na mvua ya ukubwa uleule iliandikwa tarehe kumi na sita. Siku moja nje ya kisanduku. Programu haikuiona kabisa. Mandawa ilikuwa kavu kiasi kwamba hata mvua hiyo haikuivusha.

Na mvua ile niliijua. Ilipiga hata kwetu Nachingwea, usiku wa kuamkia tarehe kumi na sita. Ilianza watu wameshalala, mimi na mama tukahangaika kutega mabeseni chini ya bati linalovuja, ikakatika kabla ya adhana ya alfajiri. Mchana wake hata tone halikudondoka. Kila aliyetoka Ruangwa alisema huko ilikuwa vivyo hivyo, usiku mmoja, wilaya nzima. Isingewezekana inyeshe Matambarale leo na Nambilanje kesho. Mvua ilikuwa moja. Waliotofautiana ni walioiandika.

Nilimfuata mratibu mezani kwake.

"Mzee, nadhani kuna tatizo la tarehe."

"Kompyuta imekosea kujumlisha?"

"Hapana, imejumlisha sawa."

"Sasa?"

"Imejumlisha sawa vitu visivyo sawa."

Alivua miwani akanitazama. "Ndiyo mnayofundishwa chuoni siku hizi? Binti, lori linaondoka Jumatatu. Magunia yapo stoo, yamepangwa kwa kata mbili. Ardhi ina unyevu wa ile mvua, na kila siku tunayokaa hapa kubishana unakauka. Usichokonoe kidonda kilichofunga."

Kuhusu unyevu alisema kweli, na hilo lilinitesa zaidi. Sikuwa na muda wa kuwa na wasiwasi kwa utaratibu niliouzoea.

Alasiri simu yangu ikaita mara moja ikakatika. Namba ilikuwa ya mama anayepima mvua Matambarale. Kule mtandao ulipatikana kwa kupanda juu ya kichuguu, na salio lilikuwa la kubipu tu. Nikampigia.

"Mwanangu, nimesikia mmesema huku kwetu tumeshiba mvua."

"Mama, si sisi, ni kompyuta ndiyo..."

"Basi mwambie hiyo kompyuta ije ilale huku!" Upepo ulikuwa ukipiga kwenye simu. "Watu hawanisalimii, mwanangu. Wanasema mbegu zimenyimwa kwa mkono wangu."

Simu ikakatika. Nilibaki nimeishika sikioni, nikajua kwamba lile swali langu la kijinga lilikuwa na mtu ndani yake.

Nilimwomba mratibu gari nikaangalie mwenyewe. Alikubali upesi kuliko nilivyotarajia, na sababu yake aliniambia nikiwa nimeshafungua mlango. "Yule mama akikubali kuandika kwamba alikosea tarehe, kazi imeisha. Tunasogeza mvua yake kwenda kumi na sita, kata yake inakuwa nyekundu, kila mtu anapata. Mstari mmoja tu na sahihi yake."

Njia nzima mpaka Ruangwa niliuzungusha mstari ule kichwani. Ulikuwa mtamu. Ungemaliza kila kitu. Dereva aliniuliza kama naumwa tumbo.

Tulianzia Nambilanje. Mpimaji wa kule alikuwa mzee mmoja mkulima wa ufuta na korosho. Tulimkuta ameipindua baiskeli magurudumu juu, anabandika kiraka kwenye mpira.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mchumba. Umekuja kuolewa au umekuja kukagua?"

"Kukagua kwanza."

"Hao ndio wachumba wa siku hizi," alimwambia dereva. "Wanakagua kwanza."

Nilicheka, kisha nikamuuliza kuhusu mvua ile kubwa: aliiandika lini?

"Kulipokucha. Nimetoka, nimepima, nimeandika tarehe ya siku ile."

"Lakini kwenye semina ya wapimaji kule Ruangwa walisema mkipima asubuhi mwandike tarehe ya jana."

Aliacha kukanda kiraka. "Nilisikia. Nikadhani mwalimu kapitiwa. Nikamsitiri, sikutaka kumsahihisha mbele za watu."

"Hakupitiwa, babu. Ndiyo kanuni."

"Mchumba, nikikwambia kuna maulidi hapa usiku wa Ijumaa, utakuja lini?"

"Alhamisi jioni."

"Kwa nini usije Ijumaa jioni?"

"Kwa sababu... huo ni usiku wa Jumamosi."

"Haya. Usiku unatangulia, mchana unafuata. Sasa mvua ya usiku wa kuamkia Jumamosi utaiandikaje Ijumaa? Unairudisha nyuma kama ng'ombe aliyepotea?"

Dereva alicheka mpaka akashika boneti. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimekulia ndani ya hesabu hiyohiyo ya siku. Nyumbani kwetu hakuna aliyeshangaa kwamba usiku wa Ijumaa unaingia Alhamisi jua likizama. Kanuni ya semina nayo ilikuwa na maana yake: sehemu kubwa ya saa zilizopimwa asubuhi ni za jana. Kila moja ilijitosheleza. Lakini programu ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha tarehe, na haikuuliza mtu anahesabu siku zake kuanzia wapi.

"Kwani kuna ubaya?" aliuliza mzee.

Ubaya ulikuwa huu: nikifuata kanuni, mvua yake inarudi tarehe kumi na tano, inaingia kwenye jumla, na Nambilanje inakuwa kijani kama Matambarale. Nyuma yake niliona shamba lililokwisha kulimwa upya, udongo mweusi umefunguka, unasubiri.

"Mbegu zinakuja lini?" aliuliza, akifuata macho yangu.

"Jumatatu, Mungu akipenda," nikasema.

Matambarale tulifika jua limeanza kulala. Mama yule alikuwa mwembamba, mrefu, wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji yeye akiwa mgongoni. Kipimo chake kilisimama peke yake uani, kimezungushiwa uzio wa miiba ili mbuzi wasikiguse. Alikuwa amefagia hata chini yake.

Tulipokuwa tunasalimiana, wanawake wawili walipita na ndoo kichwani. Mmoja akapaza sauti bila kugeuka: "Mama Mvua! Leo umekijazia ndoo ngapi?" Mwenzake akaongeza: "Mwache, pengine ni mbuzi wake ndiye aliyekikojolea." Wakaenda wakicheka. Mama aliinama kwenye uzio. Alirekebisha mwiba mmoja uliokuwa umekaa sawa tayari.

Alinipeleka shambani, nyuma ya nyumba tu. Akang'oa mche wa mahindi, ukatoka bila kuvutana na ardhi, mkavu mpaka mzizini. Akang'oa mwingine.

"Hii ilikufa kabla ya mvua au baada?" niliuliza, na nikajua papo hapo jinsi swali langu lilivyosikika.

"Mwanangu, ile mvua ilikuja kuosha maiti."

Kisha akasema, sauti ya chini, kama mtu aliyelipanga neno lake kabla ya mgeni kufika: "Wananiambia niseme nilikosea tarehe. Mwenyekiti wa kijiji ameniambia, ndugu wa marehemu mume wangu wameniambia. Andika nilikosea. Nitaweka sahihi."

Yalikuwa maneno yaleyale ya mratibu. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu.

"Ulikosea, mama?"

"Sikukosea. Saa tatu asubuhi nilitoka, nikapima, nikaandika ya jana, kama tulivyoambiwa. Hata mvua ikiwa haba naandika ya jana." Aliutupa ule mche. "Lakini andika."

"Ukisema leo kwamba ulikosea, kila ulichoandika nyuma kitaonekana cha kukisia. Na kipimo watakupokonya, wampe mwingine."

"Hayo ya mwakani. Watoto wanakula mwaka huu."

Sikuitoa kalamu. Nilimwambia anipe siku moja, na aliniangalia kama watu wanavyomwangalia daktari aliyesema "tutaona". Alitusindikiza mpaka kwenye gari.

Kurudi Nachingwea nilifanya kile ninachokijua kuliko chochote: nilifikiri mpaka nikachoka kufikiri. Kama ningeacha ilivyo, mama yule angelipa kwa sababu alifuata kanuni, na mzee angepata kwa sababu hakuifuata. Kama ningezisahihisha tarehe za Nambilanje peke yake, ningewanyima wote wawili, na mikono yangu ingekuwa safi kabisa. Usafi ule uliniogopesha. Kama ningemwandikia mama kosa, mbegu zingefika kote, juu ya uongo mmoja mdogo uliobebwa na mtu mmoja.

Kulikuwa na njia nyingine, na niliiogopa kuliko zote. Ningeweza kuzipanga tarehe zote kwa kanuni moja, kisha nikasogeza "hadi" siku moja nyuma, mpaka kumi na nne. Mvua ile ingebaki nje kwa wote. Kata zote tatu zingekuwa nyekundu. Lakini hapo ndipo nilipojishika mwenyewe: mtu anayesogeza tarehe mpaka apate rangi anayoitaka, ana tofauti gani na anayemimina maji kwenye kipimo? Leo ninasogeza kwa huruma. Kesho atakuja mwingine asogeze kwa shemeji yake, na visanduku ni vilevile.

Asubuhi, Jumamosi, nilimkuta mratibu stoo akisimamia upakiaji. Nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza mapema kuliko yote.

"Mzee, kwa nini tulisema hadi tarehe kumi na tano?"

"Kwa nini? Ni katikati ya mwezi. Ilihitajika tarehe."

"Hakuna sababu nyingine?"

"Wewe ulitaka sababu gani? Ndoto?"

Niliingia ofisini nikawasha kompyuta. Nilifunga mlango kama ninaiba. Kumbe sikuwa ninaiba chochote. Tarehe ile haikuwa na mwenyewe. Tulitaka kujua kama mimea ilipata maji ya kutosha ikiwa hai, na tukaiuliza kompyuta kitu kingine: mvua ni kiasi gani mpaka katikati ya mwezi. Nayo ikatujibu hilohilo. Mvua iliyokuja mimea imeshakufa haikuwa na nafasi katika swali letu la kwanza. Lakini sikuwa na haki ya kuificha.

Nikazirudisha tarehe zote za Nambilanje nyuma kwa siku moja, nikaandika pembeni kwamba nimefanya hivyo na kwa nini. Nikajaza "hadi" tarehe kumi na tano, nikabonyeza: Mandawa nyekundu, nyingine mbili kijani. Nikaichapisha. Nikajaza kumi na nne, nikabonyeza: zote nyekundu. Nikaichapisha pia. Printa ilivuta karatasi ya pili vibaya, nikaichapisha upya. Nikazibana pamoja, na juu yake nikaandika kwa kalamu: jumla ya kwanza ina mvua ya usiku mmoja iliyokuja mimea ikiwa imekwisha kufa, ya pili haina mvua hiyo, ninashauri itumike ya pili, wapimaji wote wawili waliandika walichokipima, hakuna aliyedanganya. Nikaweka sahihi yangu, kubwa kuliko kawaida yangu.

Mratibu alisoma amesimama, karatasi imeegemea gunia. Alisoma mara ya pili. Wapakiaji walikaa chini wakisubiri.

"Nilikutuma ulete sahihi ya yule mama."

"Nimeleta yangu."

"Magunia ni yaleyale. Kata ya tatu ikiingia, kila mmoja anapungukiwa. Unajua?"

"Najua."

"Nambilanje wameshaahidiwa. Watapiga kelele."

"Nitakwenda na lori Jumatatu, mzee. Nitawaambia mwenyewe kabla ya gunia la kwanza kushuka."

Alinyosha mkono, akaomba kalamu. "Lawama ni zako," alisema, akaweka sahihi chini ya yangu. Akawageukia wapakiaji. "Shusheni haya ya juu. Tunagawa upya."

Nilitoka nje mahali penye mtandao. Nilimpigia mama wa Matambarale, simu ikaita bila kupokelewa. Pengine hakuwa kichuguuni. Nikasubiri, nikapiga tena. Safari hii akapokea, anahema kama aliyekimbia.

"Mama," nikamwambia kabla hata ya kumwamkia, "mbegu zinakuja Jumatatu, si nyingi. Na sikuandika kwamba ulikosea."